KWA NINI BRAUZA YA WENGI NDIYO INAYOANDAMWA NA WADUKUZI?



Kuna ubishi mmoja kwenye mabenchi ya intaneti kafe ambao hauishi. Unaanza hivi: Chrome ndiyo brauza inayotumiwa na watu wengi kuliko zote duniani. Chrome hiyo hiyo ndiyo kila baada ya muda mfupi unasikia imekutwa na tundu la usalama, watu waambiwe wakimbilie apdeti. Sasa inakuwaje?

Hapo watu wanagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema, "Chrome mbovu, hameni." Kambi ya pili inajibu, "Acheni hizo, mti wenye matunda ndio upigwao mawe." Yaani kwao Chrome haina kosa lolote, inaonewa kwa sababu ya umaarufu tu.

Mimi ni kijana niliyemaliza sekondari, sina digrii ya kompyuta. Ila mambo haya nayafuatilia siku nyingi, na nikikaa kuwajazia watu fomu zao za mtandaoni naona jinsi yanavyotugusa. Kwa maoni yangu kila kambi imeshika nusu ya ukweli. Wingi wa watumiaji unamwita mwizi, hilo halina ubishi. Lakini wingi haumfungulii mlango. Mlango unafunguliwa na mambo mawili: brauza imejengwaje, na inachukua siku ngapi tundu kuzibwa kwenye mashine ULIYOKALIA WEWE. Hilo la pili watu wa kafe ndio tunaumia nalo zaidi. Tulieni niwaeleze taratibu.

KWANZA, BRAUZA INAFANYA KAZI GANI?

Brauza, au kivinjari kama wanavyosema wataalamu wa Kiswahili, ni ile programu unayofungulia tovuti. Chrome, Firefox, Edge, Opera, Safari, zote ni brauza.

Kazi yake ni ya hatari kuliko tunavyodhani. Kila ukifungua tovuti, brauza inapokea vitu kutoka kwa mtu usiyemjua: picha, video, maandishi, na vijiprogramu vya JavaScript. Halafu inavifungua hapo hapo kwenye mashine yako. Ni kama mlinzi wa getini ambaye kazi yake ni kupokea mizigo ya wageni siku nzima na kuiingiza sebuleni. Mlinzi akikosea mara moja tu kukagua, mgeni kaingia.

Kosa dogo kwenye maandishi ya programu, ambalo mjanja anaweza kulitumia kuingia, ndilo tunaliita tundu. Dawa inayotolewa na mtengenezaji kuliziba tunaiita kiraka. Na brauza ya leo ina mamilioni ya mistari ya maandishi, kwa hiyo matundu hayakosekani. Asikudanganye mtu kwamba kuna brauza isiyo na tundu.

HESABU YA MWIZI

Sasa fikiria mtaa ambao nyumba 90 kati ya 100 zimefungwa kwa kufuli ya aina moja, na zile 10 zilizobaki kila moja ina kufuli yake. Wewe ni mwizi, unataka kuchonga funguo malaya. Utahangaika na kufuli ipi? Jibu unalo.

Mdukuzi anapiga hesabu hiyo hiyo. Kutafuta tundu kwenye brauza na kutengeneza silaha inayoweza kulitumia ni kazi ngumu, inaweza kula miezi. Gharama yake haibadiliki sana hata kama brauza ina watu milioni 5 au bilioni 3. Kinachobadilika ni mavuno. Ndiyo maana anakwenda penye watu.

Ukitaka kuona jinsi thamani ya matundu ilivyopanda, angalia pesa ambazo Google yenyewe inawalipa wanaoyagundua na kuyaripoti kwa wema. Mpango wa zawadi za Chrome ulipoanza Januari 2010, zawadi ya kawaida ilikuwa dola 500 na ya juu ilikuwa dola 1,337. Agosti 2024 Google ilipandisha kiwango cha juu kabisa hadi dola 250,000. Kampuni hailipi pesa hizo kwa kupenda sifa. Inajua upande wa pili kuna watu nao wanatafuta matundu hayo hayo, na wana wanunuzi wao.

Mpaka hapo kambi ya "mti wenye matunda" inashangilia. Subirini.

ENZI ZA ILE "E" YA BLUU

Kwa mliozaliwa baada ya 2000, kabla ya Chrome kulikuwa na dubwana linaitwa Internet Explorer, ile "e" ya bluu. Microsoft ilikuwa inaiweka ndani ya Windows bure, na ukinunua kompyuta unaikuta humo tayari. Hiyo ni mojawapo ya sababu serikali ya Marekani iliipeleka Microsoft mahakamani Mei 1998. Toleo la 6 lilitoka Agosti 2001, na miaka ya 2002 hadi 2004 IE ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa intaneti. Netscape, iliyokuwa bingwa katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa imeshalala chali.

Ikatokea nini? Mpinzani hayupo, bingwa akapumzika. Toleo la 7 lilikuja kutoka Oktoba 2006. Miaka 5 mizima!

Na ujenzi wake ulikuwa wa kumkaribisha mgeni mpaka chumbani. Kulikuwa na kitu kinaitwa ActiveX, vijiprogramu ambavyo tovuti iliweza kuvishusha na kuviendesha ndani ya Windows vikiwa na mamlaka yale yale aliyonayo mtumiaji. Na kwenye Windows XP watumiaji wengi walikuwa wanaingia kama msimamizi mkuu wa mashine. Kwa hiyo aliyeingia kupitia brauza alikuwa kaikamata kompyuta nzima.

Mfano halisi ni Juni 2004, shambulizi lililoitwa Download.Ject. Wahalifu walianza kwa kuingilia sava za tovuti za kawaida kabisa zilizokuwa zinatumia IIS, programu ya sava ya Microsoft, wakapachika mistari michache ya JavaScript. Mtu akifungua tovuti yake aliyoizoea kwa IE, brauza inakwenda kimya kimya kuchukua programu kwenye sava iliyokuwa Urusi, na ile programu inaanza kunasa anachochapa kwenye kibodi. Hajabofya kitu cha ajabu, hajatembelea tovuti chafu. Kitengo cha dharura za kompyuta cha serikali ya Marekani, US-CERT, kikaweka kati ya ushauri wake kutumia brauza nyingine. Serikali kusema hivyo kuhusu bidhaa ya kampuni kubwa ya nyumbani kwake lilikuwa jambo zito.

Mwaka uliotangulia, Septemba 2003, mtaalamu anaitwa Dan Geer na wenzake 6 walikuwa wameshaandika ripoti kuonya kwamba dunia nzima kutegemea programu za kampuni moja ni hatari. Hoja yao mkulima yeyote anaielewa: ukijaza shamba mbegu moja ya mihogo, ugonjwa unaoipenda mbegu hiyo ukiingia unafagia shamba zima. Mara tu baada ya ripoti kutoka, Geer akawa si mfanyakazi tena wa kampuni yake, @stake. Microsoft ilikuwa mteja wa kampuni hiyo.

LAKINI WINGI PEKE YAKE HAUTOSHI

Sasa nawageukia kambi ya pili. Kama umaarufu ndio sababu pekee, basi kila kitu kinachoongoza kingekuwa kinaliwa kuliko vyote. Si kweli.

Mwaka 2001, programu ya sava iliyokuwa inaongoza duniani ilikuwa Apache, ambayo ni programu huria. Ilikuwa inaendesha zaidi ya nusu ya tovuti zote. IIS ya Microsoft ilikuwa na kama robo hivi. Kwa hesabu ya "mti wenye matunda", mdudu mkubwa wa mwaka ule ungetegemea aipige Apache. Wapi! Mdudu aliyeitwa Code Red aliipiga IIS, na tarehe 19 Julai 2001 aliingia kwenye kompyuta zaidi ya 359,000 katika muda usiofika saa 14. Septemba ile ile akaja mwingine, Nimda, naye akaila IIS.

Na kiraka cha tundu alilopitia Code Red kilikuwa kimetoka tarehe 18 Juni 2001. Mwezi mzima kabla! Dawa ilikuwepo, wagonjwa hawakuimeza.

Mfano wa pili unahusu kompyuta za Mac za Apple. Zilikuwa chache ukilinganisha na Windows, na wenye nazo walikuwa wanatamba kwamba virusi ni ugonjwa wa wengine. Mwaka 2012 kirusi kinaitwa Flashback kikaingia kwenye Mac zaidi ya 600,000, kikipitia tundu la Java wakati watu wanafungua tovuti. Oracle, wenye Java yao, walikuwa wameliziba Februari. Apple, waliokuwa wanawagawia wateja wao Java kwa njia yao, walileta kiraka Aprili. Katikati hapo ndipo watu walipoliwa.

Kwa hiyo uchache haukuwaokoa wa Mac, na wingi haukuiangamiza Apache. Tazama kinachojirudia kwenye hadithi zote mbili: kiraka kilichochelewa kufika.

CHROME ILIKUJA NA NINI KIPYA?

Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004, watu waliochoshwa na IE wakaikimbilia. Oktoba 2005 ilikuwa imeshapakuliwa mara milioni 100. Na kadiri ilivyokuwa inakua, nayo ikaanza kuchunguzwa. Mei 2005 ililazimika kutoa toleo la haraka kuziba matundu ambayo njia ya kuyatumia ilikuwa imeshaanikwa hadharani. Hapo hesabu ya mwizi ilionekana wazi: umaarufu umepanda, macho yameongezeka.

Chrome ikaja Septemba 2008 na mawazo mawili yaliyobadilisha mchezo. La kwanza, kila tovuti inafunguliwa ndani ya kijumba chake kilichofungwa. Mhalifu akivunja kijumba anajikuta bado yuko kifungoni, hawezi kugusa mafaili yako mpaka apate tundu la pili la kutokea. La pili, inajiapdeti yenyewe kimya kimya, haikuombi ruhusa kila mara.

Matokeo yalionekana kwenye Pwn2Own, mashindano ambayo wadukuzi wanalipwa kuvunja brauza hadharani. Mwaka 2009, 2010 na 2011 Chrome haikuvunjwa pale. Machi 2012 ikaanguka, timu ya Ufaransa inaitwa VUPEN ikaivunja. Siku hizo hizo, kwenye shindano la Google yenyewe, Mrusi anaitwa Sergey Glazunov akaivunja pia na kuondoka na dola 60,000. Miezi miwili baadaye, Mei 2012, kwa takwimu za StatCounter Chrome iliipita IE na kuwa ya kwanza duniani. Siwezi kusema moja limesababisha lingine, ila kwamba macho yalikuwa yameshahamia huko, hilo liko wazi.

Angalia kilichofuata. Lile tundu la Glazunov Google walileta kiraka chake ndani ya saa 24. Linganisha na Januari 2010, Google walipotangaza tarehe 12 kwamba wameshambuliwa, na ikajulikana wavamizi walipitia tundu la Internet Explorer. Kiraka cha Microsoft kilitoka tarehe 21. Katikati hapo serikali za Ujerumani na Ufaransa zikawaambia raia wao waachane na IE kwa muda. Tuwe wakweli, mazingira hayakufanana: moja lilikuwa shindano, lingine shambulizi la kweli. Lakini siku 9 ni siku 9.

MBONA BADO TUNASIKIA MATUNDU YA CHROME KILA MARA?

Kwa sababu yanatafutwa kweli kweli, na yakipatikana yanatangazwa. Mwaka 2022 pekee Google iliziba matundu 9 ya Chrome ambayo wahalifu walikuwa wameshaanza kuyatumia kabla kiraka hakijatoka. Mavuno ya mti wenye matunda ndiyo hayo.

Ila kuna kitu watu hawakijui. KIRAKA CHENYEWE NI RAMANI. Msingi wa Chrome unaitwa Chromium, nao ni programu huria, mtu yeyote anaweza kuusoma. Mafundi wakirekebisha kosa, mjanja anasoma marekebisho yale, anajua tundu lilikuwa wapi, halafu anawawinda ambao hawajaapdeti. Ndiyo maana Agosti 2023, kuanzia Chrome 116, Google ilianza kutoa viraka vya usalama kila wiki, kupunguza ule muda kati ya ramani kuonekana na watu kujikinga.

Kwa hiyo ukisikia "Chrome imezibwa tundu," anayetakiwa kuogopa zaidi ni yule ambaye kiraka hakijamfikia. Kimya nacho si dalili ya usalama. Ile miaka 5 ya IE 6 bila toleo jipya ilikuwa na kimya cha namna yake, na tumeona kilichotokea.

"BASI MIMI NAHAMIA OPERA"

Sawa, lakini jua unahamia wapi. Opera ilihamia kwenye msingi wa Chromium mwaka 2013. Edge ya Microsoft ilihamia Januari 2020. Brave nayo ni Chromium. Ile brauza ya Samsung kwenye simu, nayo vile vile. Ni daladala zenye rangi tofauti na injini moja. Tundu la injini likipatikana, wote mnasubiri fundi, na baadhi ya kampuni zinachelewa kidogo kuleta kiraka kuliko Google.

Septemba 2023 lilipatikana tundu kwenye libwebp, kipande cha programu kinachofungua picha za aina ya WebP. Walioliripoti ni Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Chrome ikazibwa, Edge ikazibwa, Opera na Brave zikazibwa. Na Firefox, ambayo ina injini yake tofauti kabisa, nayo ikabidi izibwe, kwa kuwa ilikuwa inatumia kipande hicho hicho cha picha. Lile onyo la Dan Geer kuhusu shamba la mbegu moja bado lina kazi, ila siku hizi mbegu imejificha ndani ya bidhaa zenye majina tofauti.

SASA TUJE KAFE

Hapa ndipo penye uchungu wetu, wadau.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Google ikaendelea kuivumilia miaka mitatu, halafu ikasema basi. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 na Windows 8.1 ni 109, la Januari 2023. Kuanzia 110, mashine hizo hazipati tena. Ile Chrome inafunguka, Gmail inakuja, YouTube inacheza, huoni tofauti. Ila kila tundu lililozibwa tangu hapo, kwako halijazibwa, na ramani zake ziko hadharani.

Nimewahi kukaa kwenye kafe moja, jina naliacha, nikakagua mashine niliyopewa. Windows 7, Chrome 109. Jirani yangu alikuwa dada mmoja anajaza maombi ya Bodi ya Mikopo, kafungua barua pepe yake, vyeti vyake vyote viko kwenye flashi. Fikiria yote yaliyopita kwenye mashine ile siku hiyo: paswedi, namba ya NIDA, vyeti vya shule, picha. Mtu akiikamata barua pepe yako anaweza kubadilisha paswedi za akaunti zako nyingine zote, ikiwemo ile ya kuombea mkopo au ajira. Unakuja kushtuka dirisha la maombi limeshafungwa.

Kuna jambo lingine la kafe. Baadhi zinatumia programu kama Deep Freeze, ambayo kila mashine ikizimwa na kuwashwa inairudisha ilivyokuwa mwanzo. Ni nzuri, inafuta takataka za wateja. Lakini kama fundi hajaifungua ili apdeti ziingie na kukaa, inafuta na apdeti! Chrome inajiziba asubuhi, jioni mashine inazimwa, kesho tundu limerudi. Na kama mteja wa saa 3 kaingiza mdudu na mashine haijazimwa, wewe wa saa 4 unakaa naye.

Wapo pia wenye kafe wanaozima apdeti ili kuokoa bando. Siwalaumu sana, najua biashara ilivyo. Lakini bando la apdeti ni rahisi kuliko jina kuchafuka mtaani.

UFANYE NINI?

1. Kabla hujaingiza paswedi yoyote, andika chrome://version pale juu kwenye anwani, bonyeza Enter. Mstari wa kwanza una namba ya toleo. Ukikuta 109, au namba iliyoachwa mbali na ile uliyoona kwenye mashine nyingine, omba kwa heshima ubadilishiwe kompyuta. Ikishindikana, soma habari, chapisha karatasi zako, ila usiingie kwenye akaunti.

2. Tovuti ikikuambia "Chrome yako imepitwa na wakati, bofya hapa," USIBOFYE. Huo ni mtego maarufu, kuna kundi la programu chafu linaitwa SocGholish linalosambazwa hivyo hivyo. Hapo mwizi anautumia ule wingi kwa njia nyingine: anajua karibu kila mtu ana Chrome, kwa hiyo tangazo lake linaonekana la kweli. Chrome inaapdetiwa kutoka ndani yake: vitone vitatu kulia, Usaidizi, halafu Kuhusu Google Chrome.

3. Angalia viongezo, vile vidude watu wanavyobandika kwenye brauza vya kuzuia matangazo, kudaunilodi video na kadhalika. Desemba 2024 wahalifu walimlaghai mfanyakazi wa kampuni ya usalama inaitwa Cyberhaven, wakapandisha toleo chafu la kiongezo chao, nalo likajisambaza lenyewe kwa watumiaji. Chrome haikuwa na tundu hapo. Kiongezo usichokihitaji kitoe.

4. Kuwa macho na mafaili ya "PDF" yasiyoeleweka. Microsoft ilistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, lakini vipande vyake vimebaki ndani ya Windows. Julai 2024 Microsoft iliziba tundu ambalo wahalifu walilitumia kutuma faili linalojifanya PDF, ukilifungua linaiamsha IE iliyokwisha kuzikwa. Marehemu bado anafungua mlango!

5. Simu yako nayo ni kompyuta. Kama Play Store imewekwa iapdeti kwa Wi-Fi tu, na wewe unaishi kwa bando, Chrome yako inaweza kukaa miezi bila kiraka. Ingia mwenyewe, iapdeti Chrome na ile inayoitwa Android System WebView.

6. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe yako. Hata paswedi ikinaswa, mwizi anakwama mlango wa pili. Na ukimaliza kafe, toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu.

Kwa wenye kafe: mashine ya zamani haina haja ya kutupwa. Zipo Linux nyepesi zinazokwenda vizuri kwenye kompyuta chovu, ni bure, na zinakuja na Firefox inayopata viraka. Mteja anayekuja kujaza fomu hahitaji zaidi ya brauza na printa.

Kwa hiyo wale wa "Chrome mbovu, hameni" na wale wa "mti wenye matunda", leo mnaweza kupeana mikono. Chrome inaandamwa kwa sababu ina watu, na kesho watu wakihamia kwingine wadukuzi watawafuata huko huko. Sisi hatuna uwezo wa kuwazuia. Tulicho nacho ni kuhakikisha kiraka kinafika kwenye mashine tunayoikalia kabla yao hawajafika.

Sasa zamu yenu. Kafe uliyokaa leo inasoma Chrome toleo la ngapi? Weka namba kwenye maoni hapo chini, jina la kafe usiliweke, tusiharibiane biashara.

Tuko pamoja.